George Shillibeer na Gari la Watu Wote

1. Neno lenye mkia mfupi

Neno basi limekwisha kuwa neno la kila siku. Mzee aendaye mjini kuuza kuku wake, mama ampelekaye mtoto hospitali, mwanafunzi arudiye kwao wakati wa likizo, wote husimama kando ya njia wakingoja basi. Lakini ni wachache katika wasafiri hao wajuao ya kuwa neno hilo ni mkia tu wa neno refu la Kilatini, yaani omnibus, na maana yake ni kwa watu wote. Na wachache zaidi wanalijua jina la mtu aliyelitia gari la namna hiyo katika njia za mji wa London, akapata sifa kubwa kwa ajili yake, kisha kwa ajili yake akapotewa na mali yote aliyokuwa nayo. Mtu huyo aliitwa George Shillibeer, na habari za maisha yake ni hizi.

2. Ujana wake

George Shillibeer alizaliwa London katika mwaka wa 1797. Alipokuwa kijana aliingia katika manowari za mfalme ili ajifunze kazi ya uofisa. Lakini hakudumu baharini. Aliiacha kazi hiyo mapema, akarudi mjini, akaenda Long Acre, mtaa uliokuwa na mafundi wengi wa magari ya farasi. Huko akajifunza ufundi katika karakana ya Hatchett.

Kazi ya fundi wa magari siku zile haikuwa kazi ya mchezo. Ilimpasa kujua mti upi hupindika bila kuvunjika, na mti upi hustahimili mvua na jua. Ilimpasa kujua jinsi ya kuvisha gurudumu pete ya chuma, na jinsi ya kuweka chuma cha kunesa chini ya gari ili msafiri asivunjike mgongo kwa mashimo ya njia. Tena ilimpasa kupima uzito, kwa sababu gari zito huwaua farasi, na gari jepesi mno hupinduka. Shillibeer aliyajifunza hayo yote, akawa fundi hodari mwenye jina jema.

3. Mji usio na gari la watu wa kawaida

Kabla ya kueleza kazi aliyoifanya, yafaa kujua jinsi watu wa London walivyokuwa wakisafiri. Katika mwaka wa 1801 mji ule ulikuwa na watu wapatao milioni 1, na kila mwaka wakazidi. Nyumba zilijengwa mbali zaidi na zaidi na katikati ya mji, bali kazi na biashara zilibaki kule kule katikati, karibu na Benki ya Uingereza.

Tajiri alikuwa na gari lake na farasi wake. Maskini alikwenda kwa miguu, asubuhi na jioni, kwa jua na kwa mvua. Mtu aliyekuwa kati ya tajiri na maskini aliweza kukodi gari dogo la njiani, lakini kodi yake ilikuwa kubwa. Palikuwapo pia magari ya safari fupi yaliyotoka katika mitaa ya mbali, lakini nayo yalikuwa ghali na yalichukua watu wachache. Wengine walikaa ndani, wengine walipanda juu ya paa na kunyeshewa.

Zaidi ya hayo, sheria ilikuwa kizuizi. Wenye magari madogo ya kukodiwa walikuwa na haki ambayo mtu mwingine hakuruhusiwa kuigusa: katika njia za katikati ya mji, wao peke yao waliweza kupakia na kushusha abiria. Haki hiyo waliilinda kama simba alindavyo windo lake.

4. Walioanza mbele yake

Shillibeer hakuwa mtu wa kwanza duniani kufikiri juu ya gari la watu wengi. Katika mwaka wa 1662, mjini Paris, mtaalamu mkubwa wa hesabu aliyeitwa Blaise Pascal alianzisha pamoja na rafiki zake magari yaliyopita katika njia zilizowekwa, na kila abiria alilipa sarafu tano ndogo zilizoitwa sol. Lakini wakubwa wa mji walipiga marufuku askari, watumishi na vibarua wasiyapande. Basi magari yale hayakuwa ya watu wote, na baada ya miaka michache yakakoma. Pascal mwenyewe alikufa katika mwaka ule ule wa 1662, miezi mitano tu baada ya magari kuanza.

Ikapita miaka zaidi ya 160. Katika mji wa Nantes, huko huko Ufaransa, palikuwa na mtu aitwaye Stanislas Baudry. Alikuwa na kinu cha unga kilichoendeshwa kwa mvuke, akaona maji ya moto yanamwagika bure, akajenga nyumba ya kuogea. Nyumba hiyo ilikuwa nje ya mji, kwa hiyo katika mwaka wa 1826 akaweka gari la kuwaleta wateja. Kumbe wengi waliopanda gari hawakuja kuoga! Waliteremka njiani wakaenda katika shughuli zao. Baudry alikuwa mwerevu, akatambua ya kuwa faida i katika gari, wala si katika maji. Inasimuliwa kwamba gari lile lilisimama mbele ya duka la muuza kofia aitwaye Omnès, ambaye alikuwa ameandika juu ya mlango wake maneno ya mchezo, Omnes Omnibus, na hivyo watu wakaliita gari hilo omnibus. Katika mwaka wa 1828 magari ya namna hiyo yakaanza kazi mjini Paris.

5. Paris, na gari la wasichana wa shule

Siku hizo Shillibeer naye alikuwa Paris. Sifa ya ufundi wake ilikuwa imevuka bahari, naye aliitwa huko kutengeneza magari makubwa kupita yote aliyopata kuyatengeneza, magari ya kuchukua watu kama ishirini kwa mara moja. Kazi hiyo ilitaka akili, kwa sababu gari refu lenye watu wengi huyumba na kuinama kila linapopinda. Shillibeer alilishusha chini gari lake na kuueneza uzito wake, hata likatulia njiani. Na alipokuwa akifanya kazi hiyo alikuwa akiwaza. Ikiwa Wafaransa wanayapenda magari haya, kwa nini watu wa London wasiyapende? Akakata shauri kurudi kwao.

Katika mwaka wa 1827 alipata kazi iliyo ngeni kabisa. Huko Stoke Newington, nje ya London, palikuwa na shule ya wasichana iliyoanzishwa katika mwaka wa 1824 na Wakristo wa jamii ya Marafiki. Mmoja wa wenye shule hiyo alikuwa William Allen, mtaalamu wa kemia, ambaye alifanya kazi miaka mingi kuipinga biashara ya watumwa. Wasichana wa shule ile walifundishwa mambo ambayo siku zile yalidhaniwa kuwa ni ya wavulana tu, kama elimu ya nyota na elimu ya vitu vya asili. Wenye shule walimwomba Shillibeer awafanyie gari la kuwachukua wanafunzi wote pamoja. Akatengeneza gari lenye nafasi za watu 25. Hivyo basi la shule lilitangulia London kabla ya basi la mji, na abiria wake wa kwanza walikuwa wasichana wenye vitabu.

6. Siku ya tarehe 4 Julai 1829

Hata ilipofika tarehe 4 Julai 1829, siku ya Jumamosi, watu wa mtaa wa Paddington waliona kitu kipya. Mbele ya nyumba ya wageni iliyoitwa Yorkshire Stingo palisimama gari refu lenye madirisha kila upande, nalo limeandikwa OMNIBUS kwa herufi kubwa. Farasi watatu wazuri, wa rangi ya hudhurungi, walifungwa sambamba mbele yake. Ndani mlikuwa na nafasi za abiria wapatao 20, nao walikaa katika viti virefu viwili, wakielekeana. Mlango ulikuwa nyuma, na hapo alisimama mtu wa kupokea nauli. Hapana aliyekaa juu ya paa. Wote walikuwa ndani, wamekingwa mvua na upepo.

Shillibeer alikuwa ameichagua njia yake kwa busara. Kwa kuwa sheria ilimkataza kupakia abiria katikati ya mji, gari lake lilipita katika Barabara Mpya, iliyouzunguka mji upande wa kaskazini, likapita Somers Town na Islington, likaishia penye Benki. Mwendo wake ulikuwa kadiri ya maili 5. Nauli ya njia nzima ilikuwa shilingi 1, na aliyeshuka nusu ya njia alilipa senti 6 za Kiingereza, yaani nusu shilingi. Msafiri hakuhitaji kuandikisha jina lake siku iliyotangulia, wala kupatana bei. Alinyosha mkono tu, gari likasimama, akapanda.

Inasemekana kwamba wapokea nauli wa kwanza walikuwa vijana wawili, wana wa maofisa wa manowari, rafiki za Shillibeer. Walivaa nguo nadhifu, na adabu yao ilipendeza sana. Walimsaidia kila bibi kupanda, tena waliweza kusema Kifaransa kidogo, hata watu wengine wakapanda ili wapate kuwasikia tu. Ndani ya gari abiria walipewa magazeti wasome bila ya malipo. Magari yalikuwa mawili, na kila siku yalijaa. Watoto walikimbia nyuma yake wakishangilia, na wenye maduka walitoka milangoni kulitazama. Haukupita muda jina la Shillibeer likawa midomoni mwa watu, hata kila gari la namna ile likaitwa Shillibeer.

7. Panya wa ndani na simba wa nje

Lakini mwenye ghala iliyojaa hakosi panya. Vijana wale waungwana walipoiacha kazi, Shillibeer aliajiri wapokea nauli wa mshahara. Mara fedha zikaanza kupungua, ingawa magari yalijaa vile vile. Aliweka watu wa kupanda kwa siri na kuwahesabu abiria, akagundua ya kuwa sehemu kubwa ya nauli iliingia katika mifuko ya watumishi wake. Inasimuliwa kwamba alitengeneza mtambo chini ya kidato cha mlango, ili kila mguu unaokanyaga uhesabiwe, na ya kuwa haukudumu, kwani watu waliuvamia wakauponda kwa nyundo. Hivyo fundi aliyeweza kulituliza gari lenye watu ishirini hakuweza kuutuliza mkono wa mtumishi mwenye tamaa.

Na nje walikuwako washindani. Wenye magari ya zamani ya Paddington walipoona riziki yao inapungua, hawakukaa na kulia. Walinunua magari ya namna ile ile na kuyatia katika njia ile ile. Muda si muda magari yapatayo 90 yalikuwa yakishindana kati ya Paddington na Benki. Madereva walipiga mbio, wakapitana, wakagongana, wakanyang'anyana abiria njiani, huku wapita njia wakikimbia kujiokoa. Katika mwaka wa 1831 wenye magari walikutana, wakamchagua Shillibeer awe mwenyekiti wao, wakapatana kupunguza magari hata yakabaki 57, na kuyapanga yaondoke kwa zamu. Hilo lilikuwa jambo la heshima kwake. Lakini mambo yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha kuharibika. Katika mwezi wa Machi wa mwaka huo huo alikuwa ametangazwa kuwa amefilisika.

Hakukata tamaa. Alijifunza kwa makosa. Aliona ya kuwa gari la farasi watatu lilikuwa pana mno kwa njia nyembamba za mji, kwa hiyo akatumia magari madogo zaidi ya farasi wawili, yenye nafasi za watu 12. Nayo serikali ikabadili sheria. Katika mwaka wa 1832 ile haki ya wenye magari madogo ikaondolewa, na tangu hapo omnibus ziliruhusiwa kupakia na kushusha abiria katikati ya mji. Mlango aliokuwa akiugonga ukafunguliwa, lakini walioingia kwa wingi walikuwa wengine wenye mali kuliko yeye.

Siku hizo watu walijaribu kila namna ya gari. Katika mwaka wa 1833 fundi mwingine, Walter Hancock, alilitia omnibus la mvuke katika njia ya Paddington. Halikuwa na farasi hata mmoja. Lilikwenda kwa moto na maji juu ya barabara ya kawaida, likachukua abiria 14. Lilishangaza watu, lakini nalo halikudumu. Farasi walitawala njia za London miaka mingi baadaye.

8. Gari la moshi na gereza

Shillibeer aliona kwamba njia ya Paddington imejaa, akahamia upande mwingine. Katika mwaka wa 1834 alianza kuendesha magari kati ya London na miji ya Greenwich na Woolwich, iliyo upande wa mashariki kando ya mto Thames. Alitumaini kuanza upya mahali pasipo na washindani. Lakini mshindani alikuwa njiani, naye hakuwa mtu wa kupatana naye katika mkutano. Katika mwaka wa 1836 sehemu ya kwanza ya reli ya London na Greenwich ilifunguliwa. Reli hiyo ilijengwa juu ya matao ya matofali, na gari la moshi likapita juu ya paa za nyumba, likiwaacha farasi nyuma.

Abiria wakahama. Kodi za serikali zilikuwa zile zile, abiria wawepo wasiwepo: kila gari lilitozwa kodi kwa kila maili liliyokwenda. Shillibeer akashindwa kulipa. Watoza kodi wakaja, wakayakamata magari yake, na kazi ikasimama. Akakimbilia Boulogne, mji wa Ufaransa ulio ng'ambo ya bahari, ambako Waingereza wengi wenye madeni walijificha siku zile. Lakini mkimbia deni hulichukua mgongoni. Aliporudi Uingereza alikamatwa, akatiwa katika gereza la Fleet.

Gereza hilo lilikuwa la watu wenye madeni. Mtu alifungwa humo kwa kuwa hana fedha, na kwa kuwa amefungwa hakuweza kufanya kazi apate fedha. Sheria hiyo ilikuwa ngumu, na baadaye Waingereza wenyewe waliiona kuwa mbaya, wakaibadili. Fundi wa Long Acre alikaa ndani ya kuta zile, huku nje omnibus za watu wengine zikipita kila dakika, nyingine zikiitwa kwa jina lake.

9. Gari la mwisho

Mtu mwingine angalikwisha hapo. Shillibeer alipotoka gerezani alikuwa na miaka arobaini na kitu, hana mali, wala hana magari. Lakini ufundi wa mtu haukamatwi na watoza kodi. Alitazama tena maisha ya watu wa London, kama alivyotazama zamani, akatafuta mahali penye taabu.

Aliiona taabu hiyo katika mazishi. Desturi ya Waingereza siku zile ilikuwa kuzika kwa fahari kubwa. Ilitakiwa gari moja la jeneza, na magari mengine ya wafiwa, pamoja na farasi weusi na mapambo ya manyoya. Mjane maskini aliweza kuingia katika deni kwa kumzika mumewe. Na Shillibeer alikuwa mtu aliyejua deni ni kitu gani. Basi akafikiri gari moja la kuchukua jeneza na wafiwa pamoja, jeneza mahali pake na wafiwa mahali pao. Tena alilitengeneza kwa namna ambayo, jeneza likisha kutolewa makaburini, sehemu yake ilisukumwa ikafungwa, gari likawa fupi, na wafiwa wakarudi nyumbani bila ya kutazama nafasi tupu aliyoiacha mpenzi wao. Katika mwaka wa 1842 serikali ilimpa hati ya kulinda uvumbuzi huo, ili watu wengine wasiuige. Gharama za mazishi kwa gari hilo zilikuwa ndogo, na watu wengi wasio matajiri walilitumia. Kazi hiyo ilimpatia riziki.

Lakini jambo la ajabu likatokea. Jina lake likabadilika maana. Zamani mtu aliposema anapanda Shillibeer, maana yake alikuwa anakwenda kazini au sokoni. Sasa Shillibeer likawa jina la gari la maziko, na watu walio hai wakaogopa kupanda gari lenye jina kama hilo. Kwa hiyo katika magari ya njiani jina la Shillibeer likaachwa, likabaki lile neno la Kilatini, omnibus. Nalo neno hilo watu wenye haraka walilikata, wakatupa kichwa na kiwiliwili, wakashika mkia peke yake.

10. Kufa kwake na kukumbukwa kwake

Katika miaka yake ya uzee Shillibeer aliishi Chigwell, katika nchi ya Essex, mahali penye mashamba na miti. Aliishi muda wa kutosha kuona matokeo ya kazi yake. Katika mwaka wa 1855 kampuni kubwa ilianzishwa ili kuyanunua magari mengi ya London yawe chini ya mkono mmoja. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo ilianzishwa Paris, kwa fedha za Wafaransa. Muda mfupi baadaye ilikuwa na magari yapatayo 600. Hivyo wazo lile ambalo Shillibeer alilichukua Paris likavuka bahari mara ya pili, safari hii pamoja na mali ambayo yeye hakuwa nayo.

Alikufa katika mwezi wa Agosti, mwaka wa 1866, mjini Brighton, akazikwa Chigwell katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria. Magazeti hayakumfanyia makuu. Siku ile aliyozikwa maelfu ya watu wa London walipanda omnibus kwenda kazini kama siku nyingine, na wengi wao hawakujua ya kuwa mwenye kuanzisha amekufa.

Farasi nao zamu yao ikaisha. Katika mwaka wa 1911 kampuni ile kubwa iliondoa omnibus yake ya mwisho ya farasi, na magari ya petroli yakashika njia zake. Lakini watu wa kazi hiyo hawakumsahau aliyetangulia. Mwaka 1929, ilipotimia miaka 100 tangu gari la kwanza kutoka Paddington, walitengeneza gari jingine la mfano wa lile la zamani, na madereva na makondakta wa London wakaweka kibao cha ukumbusho katika kanisa la Chigwell. Gari hilo la mfano limetunzwa katika jumba la makumbusho la usafiri mjini London. Hata mwaka 1979, ilipotimia miaka 150, mabasi kadhaa mekundu ya mji ule yalipakwa rangi nyingine kwa ajili ya kumkumbuka.

Waswahili husema kutangulia si kufika. Shillibeer alitangulia, na wengine wakafika kwa njia aliyoifyeka. Hakufa tajiri. Wengine walichuma penye mti alioupanda, na jina lake mwenyewe likatolewa katika gari lake. Lakini kitu alichokitaka kilikuwako: gari lisilouliza mtu ni nani wala ni mwana wa nani, ila nauli yake tu. Na kila asubuhi, katika miji ambayo yeye hakupata kuisikia, mtu hunyosha mkono kando ya njia, gari likasimama, akapanda pamoja na watu asiowajua, wote wakaenda njia moja.